Dawa ya Kunasa Kalsiamu

Mwenzangu, usinipigie sasa hivi, nitatukana.

Nimetoka kwenye kikao cha maabara. Si unaijua kazi yangu: kalsiamu ikiingia kwenye seli ya ubongo inaamsha kimeng'enya, nacho kinabandika fosfeti kwenye protini. Leo nimeonyesha picha za vile vipande vya ubongo wa panya. Fosfeti hakuna hata chembe.

Profesa akanitazama kama uchafu. "Mwaka mzima, mama, ndiyo hii?"

Ndipo Bingwa, yule jirani yangu wa meza anayenitayarishia maji ya kulowekea vipande, akajibu huku anatabasamu. Eti ile dawa ya kunasa kalsiamu, iliyotakiwa kwenye chupa moja tu ya kulinganishia, ile isiyotakiwa kuonyesha fosfeti, aliitia kwenye chupa zote.

Zote. Nikamuuliza kwa nini.

"Ili zilingane, dada."

Zilingane. Kalsiamu yote imetiwa pingu, hicho kimeng'enya kingeamshwa na nani, babu yake?

Na profesa anasema nimsamehe, alikuwa na nia njema, kesho atanitengenezea maji mengine.

Nimeondoka na ufunguo wa friji ya maabara, dawa zote zimo humo. Akitaka kukoroga kitu, akakoroge chai kwao.