Chozi Wawili wa Mlima Kenya

Mjukuu wangu Wambui,

Hapa mjini Randburg tu wazima, na baba yako anakusalimu. Umeniuliza kama nimewahi kumwonea mtu wivu. Nimewahi, tena kwa sababu ya ndege.

Ujanani tulikuwa wapagazi Mlima Kenya, mimi na binamu yangu Njoroge. Kule kuna ndege waitwao chozi, wa kijani, wenye mikia mirefu. Niliwaambia wageni tuliowabebea mizigo kwamba chozi wa chini na wa juu mlimani ni aina moja.

"Hapana," Njoroge akasema. "Wa chini ana manyoya ya njano kwapani, wa juu mekundu. Yule pale, ngojeni ainue bawa."

Wote wakamgeukia yeye. Moyo uliniuma. Nikarusha jiwe kisirisiri, na ndege akatokomea kwenye ukungu.

Njoroge aliniona, lakini hakunishtaki. Wageni walidhani amebuni, wakanichagua mimi niwaongoze, naye akabeba mzigo wangu. Njia nzima alitazama ndege wake kwa furaha. Mimi nilitangulia mbele bila mzigo, na bado nilimwonea wivu.

Ni mimi babu yako, ninayekuwaza kila siku.