Mimi Ndiye Niliyefungua Madirisha

Mpendwa Bi Glenys, nisaidie, maana tangu Jumanne ya wiki iliyopita nimepigwa na butwaa na hata mume wangu Merv sijathubutu kumwambia.

Tunalima karibu na Horsham, mwanangu Darcy na mkewe Tegan wanaishi nasi, na Tegan ni mtoto wa Melbourne ambaye kila majira ya machipuko, nyasi zikitoa maua, hupiga chafya mpaka Krismasi, nami nilizoea kumwambia anadeka. Siku ile joto lilikuwa la tanuri, redio ikatangaza ngurumo zinakuja, wenye mafua ya chavua wajifungie ndani, Tegan akazunguka nyumba nzima akifunga madirisha nami namfuata nyuma nikiyafungua. "Mama, wamesema tufunge," akaniambia. Nikamjibu, "Acha hizo, binti! Hewa ya shamba imemuua nani?" Upepo wa baridi ukaingia mbele ya mvua, mtamu kweli, na kabla sijamaliza kumenya viazi nikamsikia anakohoa, halafu hakohoi tena, anavuta pumzi kama mtu anayezama, midomo imegeuka bluu, mtu ambaye hajawahi kuugua pumu! Nikampulizia dawa ya pumu ya Merv huku napiga simu, gari la wagonjwa likachelewa, na hospitalini ndipo nilipoelewa kwa nini: korido nzima watu wanahema, mwoka mikate wetu, mwalimu wa kuogelea, watu wazima na afya zao.

Tegan alilazwa siku nne. Darcy alipouliza, "Madirisha aliyaacha wazi nani?" yeye, mrija wa oksijeni puani, akasema, "Nilisahau kuyafunga." Akagombezwa palepale kitandani, nami nimenyamaza. Nikisema, Darcy ataondoka na mkewe. Nisiposema, nitaishije?

Noreen

Noreen,

Nimesoma barua yako mara mbili nikidhani macho yananidanganya. Wengi hawajui kwamba dhoruba hupasua chavua ya nyasi ikawa chembe laini zinazofika hadi mapafuni, na upepo unaotangulia mvua ndio unaozileta. Kutojua ningekusamehe. Lakini redio ilikwambia, Tegan akakwambia, ukamcheka! Halafu ukamwacha mgonjwa agombezwe kwa kosa lako. Jamani, mama mzima!

Pole, naona unavyoumia, na dawa uliyompulizia huenda ndiyo iliyomfikisha hospitali akiwa hai. Sasa maliza kazi. Leo hii mwombe Tegan radhi mkiwa wawili, na neno "lakini" lisikutoke. Darcy akirudi kutoka kuvuna, mwambie wewe mwenyewe, Tegan asikutetee tena. Kesho mpeleke Tegan kwa daktari apate dawa yake ya kuvuta na maelekezo yake, maana Novemba bado ndefu.

Wakiamua kuhama, wasaidie kufunga mizigo. Darcy akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Mkweo alikuwa hana pumzi, na pumzi kidogo aliyobaki nayo aliitumia kukulinda. Mtu kama huyo humwachi abebe uongo wako hata siku moja zaidi.