Uso Mtupu wa Kola ya Kijani

Alhamisi, 10 Februari 2022

Watoto wa mbwa wangu Pikelet wametimiza wiki tano leo. Sita wameshaota ndevu, na nyusi zimeanza kuwaangukia machoni. Wa saba, mwenye kola ya kijani, hana kitu. Uso mtupu! Mashavu laini, labrador kabisa, wale mbwa wakubwa wanaojaza nyumba manyoya.

Nimempeleka barazani kwenye mwanga, nimemsugua kidevu kwa kidole. Hakuna.

Pikelet ni nusu labrador, nusu poodle, wale wa manyoya ya kusokotana yasiyopukutika. Nilimpandisha kwa Reggie, poodle wangu mdogo, ili watoto wawe robo tatu poodle: wafupi, wa kuishia magotini, wasiopukutisha manyoya. Ndivyo nilivyowaandikia wanunuzi wote. Lakini poodle halisi hazai uso mtupu. Uso mtupu hutoka pale nusu anapomkuta nusu mwenzake. Na dume wa nusu kwa nusu hapa ni mmoja tu — Angus. Angus aliyeruka uzio Novemba, siku mbili baada ya Reggie kumpanda Pikelet. Nilimkuta uani na Pikelet, nikajiambia hakuna kilichotokea.

Tumbo moja, baba wawili. Kwa mbwa hutokea. Hata hao sita sasa sijui nani ni wa nani.

Mume wangu Kelvin kaniuliza mbona nimenuna. Nimemwambia ni jua.

Jumamosi, 12 Februari 2022

Sijalala vizuri. Namfikiria Noelene, mfugaji mwenzangu. Mwaka jana kwenye mkutano wa wafugaji nilimwinua mtoto wa mbwa wake mbele ya watu wote. Uso mtupu vilevile. Nikamwuliza: "Dada, baba wa huyu aliingia mlangoni au dirishani?" Watu walicheka mpaka machozi. Noelene hajarudi mkutanoni tena.

Nyani haoni kundule.

Jumamosi, 5 Machi 2022

Wamekuja kutoka Melbourne: Despina na bintiye Effie, miaka tisa. Mtoto ana pumu, pampu yake ya dawa inaning'inia shingoni. Miaka miwili wamengoja mbwa asiyepukutisha manyoya.

Nilikuwa nimewatengea yule wa kola nyekundu, ndevu tele. Effie akakaa chini kwenye nyasi. Kola ya kijani akaja mwenyewe, akampanda mapajani, akalala.

"Huyu, mama. Kanichagua huyu! Ataitwa Halva."

Ndiyo halua ya kwao Wagiriki, kaniambia.

Despina akamtazama mbwa vizuri. "Mbona hana ndevu kama wenzake?"

"Zitaota. Wengine huchelewa."

Nimesema! Kwa sauti ileile ninayofundishia wafugaji wapya. Akauliza na pumu je. Nikamwambia, "Mchaneni kila siku tu, hamtaona unyoya." Kwenye karatasi nimeandika kwa mkono wangu: Baba, Reggie. Nikabandika na picha yake.

Kelvin alikuwa mlangoni na birika la chai. Gari lilipoondoka akaniita, "Glenys." Basi, hivyo tu. Nikaenda kuosha vikombe vilivyo safi.

Jumatano, 14 Septemba 2022

Despina kapiga simu. Nilijua kabla hajamaliza salamu.

Halva ana miezi minane. Amewapita magoti zamani, anafika mezani, anakula mikate ya watu. Manyoya ya kitoto yametoka, sasa anapukutika — kwenye makochi, kwenye supu. Effie amelazwa hospitali mara mbili. Daktari amesema mbwa aondoke.

Halafu Despina akaniomba msamaha. Yeye! "Ulituambia tumchane kila siku, na kuna siku tuliteleza. Samahani sana. Mbwa mzuri, sisi ndio tumeshindwa."

Nami nikasema, "Usijali." Ee Mungu wangu. Nilisema usijali!

Alhamisi, 15 Septemba 2022

Kelvin kaniuliza wakati wa kifungua kinywa.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Jumapili, wakimleta."

"Haya. La kuvunda halina ubani, mke wangu."

Nimechukia alivyosema kwa upole. Afadhali angenifokea.

Jumapili, 18 Septemba 2022

Wamefika saa nne. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyarudia tangu alfajiri nikilisha mbwa.

Halva akashuka garini na mabaka mwili mzima, ngozi inaonekana. Nikadhani upele. Despina akanivuta kando. Effie alimkata manyoya kwa mkasi wa shule, peke yake chumbani, ili yasibaki ya kupukutika. Akabanwa kifua mle mle.

Mtoto mwenyewe kanijia, macho chini. "Bibi Glenys, ni kosa langu. Nilikosa kumchana siku nne. Nimezihesabu."

Nilifungua mdomo. Nikasema, "Ngojeni nilete chai."

Mimi hapo! Mwanamke wa miaka sitini na mbili, nimekimbilia jikoni. Maji yamechemka, yamepoa. Naandika kwenye meza ya kukandia unga. Nina haya ya kujitazama kwenye kioo cha dirisha.

Wako uani wanaagana naye. Kelvin amewafungulia Angus ili Halva asione upweke. Sijui amesahau au amekusudia. Wawili wanakimbizana. Urefu mmoja, mwendo mmoja, na baka jeupe kifuani — mmoja kama mwingine.

Effie kasimama katikati yao. Ana sauti kali huyu mtoto, imenifikia hadi huku:

"Mama! Njoo uone! Huyu ndiye baba yake, sivyo? Mbona kwenye karatasi yetu ni yule mdogo?"

Despina kasogea karibu. Kamtazama Angus. Kamtazama Halva. Kisha kamtazama Kelvin, na Kelvin kaangalia viatu vyake.

Sasa Despina anakuja. Anapanda ngazi za jikoni, polepole. Amefika mlangoni.

Hajagonga bado.