Shati Jepesi la Khadija

Kaka Rajabu,

Nakusalimu kutoka huku Turkana. Habari za Arua? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima. Mvua imegoma, na bado natembeza wageni milimani mpaka mawe yanachoma kupitia soli.

Unakumbuka mkubwa wetu wa kazi alitugawia nguo za kutembelea juani. Shati la mikono mirefu, jepesi kama kanga iliyochakaa, lakini limefumwa kwa kubana, jua halipenyi. Kwapani lina matundu ya kupitisha upepo. Na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo. Nilizijaribu mara moja tu, nikamfikiria mdogo wetu Khadija, na ualbino wake, anavyokwenda shambani kwa miguu kule Koboko. Nikazikunja, nikakutumia wewe umpelekee. Mimi nikarudia shati langu la pamba. Likilowa jasho jua linapita tu, na mabega yangu yamebabuka.

Wewe ukanitumia sauti kwenye simu: "Khadija iko na furaha sana. Anasema asante, anavaa kila siku." Niliirudia mara nyingi, hata wenzangu kambini niliwasikilizisha.

Juzi Khadija akanipigia kwa simu ya shangazi. Alikuwa ametoka hospitali. Ana kidonda begani hakiponi, wamekata kipande wakapime. Nikamgombeza, Kaka. Nikamuuliza kwa nini anatoka bila lile shati nililomtumia. Akaniuliza:

"Shati gani, dada?"

Nilikaa chini palepale njiani, wageni wakasimama wakinisubiri.

Nilipokupigia hata hukukataa. Ukasema unalivaa ukiendesha bodaboda, kwamba barabarani hakuna kivuli, kwamba Khadija ni mtu wa kukaa nyumbani. "Wewe iko huko, utapata ingine," ukaniambia, kama mtu anayezungumzia kijiko.

Shati ningeweza kukusamehe. Jua linakupiga na wewe, ungeniomba, ningekutafutia. Lakini ile asante uliitunga mwenyewe. Ulimsemea mdogo wetu maneno ambayo hakuyasema, na yeye muda wote huo anadhani nimemsahau. Tangu mama afariki, kila kitu cha nyumbani nilikuwa nakiamini kikitoka mdomoni mwako. Sasa nakaa nikijiuliza ni salamu zipi nyingine hazikufika.

Nimeomba ruhusa kazini. Mwenzangu mmoja, aliyesikia ile sauti yako, amenipa shati lake bila kuombwa. Nitalipeleka mwenyewe. Basi likifika Arua nitabaki kwenye kiti changu mpaka Koboko, kwa hiyo usije stendi.

Msalimie shemeji, mwambie sina neno naye. Wasalimie watoto, na baba mdogo wa kule Ombaci, umwambie dawa yake ya magoti nimeipata.

Kwa Khadija usipeleke salamu yoyote. Nitampa mwenyewe.

Mdogo wako,
Safina