Namba ya Gurunathan Isiyogawanyika

Sethu, weka kahawa chini usome! Gurunathan wetu kaumbuka asubuhi hii, mtaa mzima ukitazama!

Ile namba aliyoipaka rangi getini, 745547, anayodai haigawanyiki kwa chochote ila moja na yenyewe? Leo kaapa kwa sauti: "Atakayeigawa, nitamchorea kolamu mlangoni mwezi mzima!" Gurunathan ainame kuchora yale mapambo ya nukta kwa unga wa mchele, na tumbo lile!

Mkewe Alamelu alikuwa anachora kolamu yake palepale. Hakuinua hata kichwa. "Baba Vasuki, hiyo inasomeka sawa mbele na nyuma, tena ina tarakimu sita. Lazima igawanyike kwa kumi na moja."

"Nani kakudanganya?"

"Miaka arobaini napanga nukta zilingane pande zote, nisijue?"

Akaandika 67777 kwa unga. Chini yake 67777 tena, kaisogeza tarakimu moja kushoto, yaani mara kumi, ili zote mbili ziwe mara kumi na moja. Akajumlisha.

745547! Sethu, 745547!

Gurunathan katazama geti, katazama unga. Kisha, kwa upole ambao hatujawahi kuusikia: "Mama Vasuki, naanzia wapi?"

"Nukta kumi na moja kila mstari. Na ukunje magoti, bwana."

Yuko mstari wa pili. Njoo haraka!