Motere nilichagua mimi

Siku ya ine

Picha za jeu zilikuwa za kupendeza, ile haiko uongo. Lakini Didier, mwenye anaandikaka jeu yetu ya watu kucheza pamoja ku internete, alisemaka tuchague motere nyepesi, ile programe inatembeshaka jeu, sababu telefone za huku ni zaifu. Nikamucheka mbele ya watu: "Unataka jeu ya bibi?" Nikachagua ile nzito, sababu ya picha zake.

Leo wamotari, wale wanabebaka watu na pikipiki ku bandari, wakajaribu jeu ku telefone zabo. Telefone zikawa moto, zote zikazimika.

Mumoja akasema, "Papa, hii inafaa kukaanga samaki ndogo za ndakala."

Nilicheka kupita wote. Didier akatia sakosi yake ku bega, akaenda bila kuniaga.

Kazi yake ya mwaka muzima…

Kesho nitaenda kwake kuomba musamaha, bila kichekesho. Sijue kama nitaweza.