Mtihani Ulionikuta Edani

Baba Nasra,

Eda yako imekwisha jana. Miezi minne na siku kumi nimeikaa yote, sikupunguza hata saa moja. Leo asubuhi nimejifukiza udi kwa mara ya kwanza tangu ufe, nikakaa kwenye meza ya jikoni kukuandikia. Nilidhani nitaanza kwa kukuombea. Nimekwisha kukuombea, baada ya sala. Humu nataka kukugombeza.

Kwanza habari za nyumba, maana najua ungeuliza. Nasra anakwenda skuli, amekuwa mkimya, na hataki mtu yeyote akalie kiti chako. Mwanao Salim amenyoa kama ulivyokuwa ukinyoa wewe. Paipu ya uani bado inavuja. Mama yako yuko hapa Mabela tangu siku ya maziko, hakurudi kwake Ghubra, na siku hizi tunaelewana kuliko tulivyoelewana ulipokuwa hai. Hilo ungelicheka wewe.

Sasa mtihani.

Unalikumbuka tangazo la mwaka jana: nafasi za watafiti wa jamii serikalini, na mtihani wa maandishi wa sosholojia. Nilikuletea simu, mimi niliyeiweka digrii yangu kabatini miaka kumi na minne, chini ya mashuka ya wageni. Ukalisoma lote, ukanirudishia simu. "Mitihani ipo kila mwaka, harusi ya Khadija ni moja tu." Na kweli mdogo wako aliolewa mwezi ule, nami nikapika, nikashona, nikapokea wageni siku nane. Nilikutazama usoni, nikaona hapo hapana mjadala, nikaenda kubandika chai. Hasira ile ninayo mpaka leo. Kufa kwako hakukuipunguza, kumeizidisha, kwa sababu sasa sina wa kumnunia.

Mwaka huu ulibadilika, sikatai. Tangazo lilipotoka tena, fomu ulinijazia mwenyewe. Ijumaa tukienda Ansab kwa mama yangu ukawa unanihoji garini, huku umeshika usukani na kujifanya mwalimu mkali. Siku moja uliniuliza udhibiti wa jamii ni nini. Nikakueleza kwamba ni namna watu wanavyomfanya mwenzao afuate mila bila polisi wala mahakama: kwa kumsema, kwa kumtazama, kwa kumnunia. Ukacheka mpaka ukapitiliza njia. "Hii si elimu, mke wangu. Huu umbea wenye cheti." Nikakupiga begani. Watoto wakacheka nyuma bila kujua wanacheka nini. Nilifurahi siku ile, na nakuchukia kidogo kwa kunifurahisha kisha ukaenda zako.

Wiki tatu baadaye ulianguka kazini. Moyo. Nilipigiwa simu saa tano asubuhi, na alasiri ulikuwa umekwisha kuzikwa.

Ujumbe wa tarehe ya mtihani ukanikuta edani, miezi miwili bado haijatimia. Sikumwonyesha mtu. Nilikuwa nikisoma chumbani, na wageni wakija kutoa pole nausukuma mkoba wa vitabu chini ya kitanda kama mwizi. Nilikuwa nimemsikia mmoja wao sebuleni akisimulia habari za mjane fulani aliyeonekana dukani eda yake haijaisha. Hakumtaja hata jina, wote wakaguna. Guno lile liliniingia. Nilirudi chumbani, nikafungua daftari, na ukurasa uliofuata ulikuwa ule ule wa udhibiti wa jamii. Nikausoma mpaka nikauhifadhi, nisijue unanihusu vipi.

Nilimwambia kaka yangu Seif peke yake. Akaenda kumuuliza shekhe wa msikiti wao kule Ansab, akarudi na jibu jepesi: mwenye haja atoke mchana, usiku arudi alale nyumbani kwake. Kwa hiyo dini ilinipa ruhusa. Wewe ulikuwa umekwisha kunipa. Nikajiona sina tena wa kumwomba.

Siku yenyewe Seif alifika saa mbili asubuhi, mtihani ni saa nne. Nilivaa abaya kuukuu, bila manukato, kalamu mbili mkobani. Nikashuka. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kochi linaloelekea mlango, tasbihi mkononi, ananitazama.

"Unatoka, mwanangu?"

Hakupaza sauti. Hakununa hata kidogo. Lakini mimi nilisikia wale wanawake wote wakiguna kwa pamoja, na midomo yangu ikajibu kabla yangu.

"Sitoki, Mama. Nnataka kumwona Seif tu."

Nikafungua mlango, nikamwambia Seif aende zake. Alibisha. Nikamfungia mlango usoni, kaka yangu mkubwa, nikapanda juu nikavua viatu. Saa nne, wenzangu wanafungua karatasi, mimi nilikuwa jikoni nachagua mchele.

Kwa wiki nzima nilimchukia mama yako. Nilimwekea chakula bila kumtazama. Nilijiambia kwamba wewe ulinizuia ukiwa hai, na ulipokufa umemwachia yeye kazi hiyo. Siku ya nane akaniita, akanikalisha karibu yake, akanishika mkono.

"Seif alinambia mapema habari ya mtihani wako. Nlikaa pale tokea alfajiri nikusomee dua ukitoka. Mbona ukarudi juu?"

Nilicheka, Baba Nasra. Nilicheka vibaya, kisha nikalia mpaka yeye ndiye akawa wa kunibembeleza, yeye aliyemzika mwanawe. Sikumwambia kwa nini nalia. Ningemwambiaje? Kwamba alikaa kunibariki, mimi nikamfanya askari?

Nakulaumu wewe. Miaka kumi na minne nilikuwa nasoma uso wako kabla sijafungua mdomo, nikajua lini niseme, lini ninyamaze, lini nibandike chai. Nikawa hodari mno wa kazi hiyo, mpaka nikasoma katazo kwenye uso wa mtu asiyenikataza. Lakini hukuwepo pale mlangoni. Miguu ilikuwa yangu, na viatu nilivivua mwenyewe. Wewe nitakusamehe, umekufa, nitafanyaje. Mimi bado sijajisamehe, na hilo ndilo linalonikera kila ninapoamka.

Nimeandikiwa kwamba sikuhudhuria. Jana Nasra aliniuliza kama nitajaribu tena, nikamwambia ndiyo, akanitazama kama asiyesadiki. Ana haki.

Sasa pumzika. Mungu akupanulie kaburi lako na akupe nuru. Nitakusomea kila Ijumaa, na paipu nitamtafutia fundi. Tangazo likitoka tena nitajaza fomu kwa mkono wangu, na siku ya mtihani nitavaa, nitashuka ngazi. Hili nakuahidi: nikiulizwa kama natoka, nitasema natoka.

Mama Nasra